Mashine ya Kukaushia

Asubuhi ya Januari, Dakota ya Kaskazini,
pumzi ya mtu huganda kwenye kola kabla hajamaliza salamu.
Ardis Tollefson anafungua duka la kufulia:
mashine sita, mbili mbovu,
na ya kukaushia moja tu, inayokohoa
kama mvuta tumbaku aliyekatazwa na daktari.

Wanaume wa visima vya mafuta huleta ovaroli
ngumu kama mbao, nyeusi kwa grisi.
Hoteli ya barabarani huleta mashuka.
Watoto wa magongo ya barafuni huleta harufu.
Kazi ipo. Kinachokosekana ni joto.

Husemwa, kukopa harusi, kulipa matanga.
Ardis yeye alianzia matangani:
Orville alizikwa Oktoba, ardhi ikiwa bado yachimbika,
akaacha jeneza lililolipiwa
na daftari la wadaiwa wasiolipa,
kila jina kwa penseli, ili lifutike.

Akaenda benki. Bwana Haugen akamkaribisha kiti,
akamkaribisha kahawa, hakumkaribisha zaidi.
"Una dhamana gani?"
Nina paa, linavuja upande mmoja.
"Una hesabu za miaka mitatu?"
Nina mikono. Akaiweka mezani,
imechubuka kwa sabuni,
na Haugen akaitazama kama anayesoma
lugha aliyoisahau utotoni.
Kompyuta ikatoa alama. Alama ikasema hapana.
Kompyuta haina haya, haikuangalia pembeni.
Haugen aliangalia pembeni.

Akaendesha saa tatu hadi Bismarck,
ofisi ya ghorofa ya pili, dirisha la wenye biashara ndogo.
Upo mkopo wa wakulima, naye halimi.
Upo wa wanaoanza, naye ana miaka ishirini na mbili kazini.
Upo wa teknolojia mpya. Akauliza kama joto ni teknolojia;
kijana akacheka, kisha akaona hakuwa anatania.
Upo wa kupunguziwa riba,
ila sharti kwanza benki ikubali.
Benki ipi?
Yoyote. Ya kwenu, kwa mfano.
Akarudi na fomu ya kurasa kumi na nne,
theluji ikimfuata nyuma kama mdai.

Usiku akajaza. *Eleza maono yako ya miaka mitano.*
Akaandika: nguo zikauke.
Akafuta. Akaandika sentensi ndefu yenye neno "upanuzi".
Akafuta hiyo pia.

Ni Lorraine Azure, aliyeleta mablanketi ya msiba,
aliyemwambia: tuna mfuko wetu, mdogo,
uko nyuma ya duka la vyakula,
hauna zulia.
Kule hawakuanza na dhamana.
Waliuliza: ovaroli moja unatoza ngapi?
Umeme wa Januari je?
Nani anakudai, na nani unaogopa kumdai?
Maswali mafupi, yanayouma kuliko kurasa kumi na nne.
Wakakaa na daftari la Orville hadi taa za barabarani zikawaka.
Aliomba dola elfu thelathini.
Wakampa elfu tisa, pamoja na sababu,
na sababu ndiyo aliyoibeba nyumbani kwa mikono miwili.

Mashine ilitoka hospitali iliyofungwa,
bado ina kibandiko: WODI YA WAZAZI.
Siku ya kwanza kuwaka, vioo vya duka vilishika ukungu,
madereva waliopita wakadhani mna karamu.

Rejesho la kwanza ni tarehe tano.
Anahesabu robo za dola, nyingine bado zina unyevu.
Zimepelea dola sita.
Kesho Ijumaa; Ijumaa Haugen huleta mashati,
na kila wiki ni doa lilelile, mfukoni, juu ya moyo:
kalamu yake huvuja.
Ardis anaijua dawa ya wino huo,
maziwa, chumvi, na kungoja.
Miaka yote hajamtoza doa.

Anachukua penseli ya Orville.
Anaiweka chini.
Anatafuta kalamu.
*Haugen. Doa. Dola sita.*